Mashua ya Kijani Kando ya Mwamba

Msimbati, 2 Septemba 2024

Baba yangu, shikamoo.

Mimi mzima, nakula, nalala, na kabla hujauliza: ndiyo, naswali. Mtandao hapa kambini haushiki, na hata ungeshika, wewe na simu mmeachana siku nyingi. Kwa hiyo Sharifa wa dagaa ndiye posta yetu. Kila akija Nanyamba na magunia yake, mpe majibu.

Baba, tumeona kitu. Unajua kazi yetu ilivyo: tunatandaza utepe juu ya mwamba, mmoja anapima matumbawe, mwingine anaandika kwenye kibao cha plastiki. Juzi mwandishi nilikuwa mimi. Utepe ukafika ukingoni, pale mwamba unapokatika na mchanga kuanza, nikatazama chini nitafute pa kuufunga. Nikaona mataruma, zile mbavu za chombo, zimepangana mchangani.

Nilisahau kuandika. Nilisahau hata kupumua, na mwalimu wetu wa kuzamia alituapisha tusithubutu kuzuia pumzi tukiwa na mtungi mgongoni. Ni mashua ndogo, haifiki hatua kumi na mbili, imelala ubavu kwenye kina cha mita saba. Lakini imevikwa, Baba! Huoni ubao. Kila mahali pameota matumbawe laini ya zambarau na ya manjano, yanayumba na maji huku na huku. Samaki wadogo wa rangi ya chungwa wamejaa ndani kama watoto wa madrasa, ukisogea wanaingia wote kwa pamoja, ukitulia wanatoka wote kwa pamoja. Chini ya ubavu alilala kasa, akafungua jicho moja, akaniona sina maana, akalifunga. Nikasema Subhanallah ndani ya kipumulio, yakatoka mapovu tu.

Mathayo, nahodha wetu, aliposikia kwamba ubavuni mwake pana tundu kubwa kama la mlipuko alikunja uso. Akasema hao ni watu wa baruti, wanaovua kwa kulipua, na kama angemjua mwenye mashua angemtemea mate hadharani. Usimlaumu. Amelelewa kwa madema, mitego ya samaki ya babake, na baruti ndiyo iliyofanya madema yale yatoke majini matupu mpaka mzee akayachoma kuni.

Nyuma kule tezini kuna kisanduku cha mbao kilichojengewa ndani ya chombo. Kifuniko kimeganda kwa chokaa ya bahari. Tumeomba ruhusa ya kukifungua, huenda tukapata kitu cha kumtambulisha mwenyewe. Ikiwa ni mtu wa baruti kweli, nitaibeba habari yake niende nayo shuleni ninakofundisha watoto, wajue mwisho wa watu wa namna hiyo.

Msalimie shangazi Nasra. Mwambie maandazi yake nimeyaota.

Mwanao,
Rehana


Nanyamba, 8 Septemba 2024

Mwanangu Rehana,

Assalaam aleikum. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mikorosho ya upande wa bondeni imeanza kudondosha, Nasra anaokota na kulalamika, mimi naokota tu kwa sababu malalamiko yake siyasikii. Msikitini wamenichagua tena kuwa katibu. Wanasema kiziwi ndiye katibu mzuri, umbea haumwingii.

Barua yako nimeisoma. Sasa nisikilize kwa makini, kwa kuwa mimi sikuzoea kukukataza mambo.

Hiyo mashua iacheni. Najua mimi ndiye niliyekufundisha kwamba jini wa mwambani ni kisingizio cha mvuvi mvivu. Mtu hukua akaona mengine. Sisi watu wa Mikindani tumezaliwa na bahari na tunajua kwamba pale pana mwenyewe. Mashua ya kijani haikulala pale bure. Pimeni matumbawe yenu upande mwingine, bahari ni kubwa, haiwashindi kuzunguka. Na hicho kisanduku msikiguse kabisa. Mwenyewe wa pale hapendi kuguswa vitu vyake.

Nijibu upesi kwamba umenielewa.

Baba yako,
Suleimani Nassoro


Msimbati, 14 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikadhani kaiandika shangazi Nasra! Wewe? Wewe uliyemwaga maji ya kombe ya mganga mbele ya ukoo mzima, leo unaniandikia habari za mwenyewe wa mwamba? Nimecheka, halafu nikaona aibu kucheka. Baba yangu hajawahi kuniogopea bure. Kwa hiyo nimekutii.

Nimekwenda kwa Bi Saumu, bibi mmoja wa hapa kijijini ambaye wavuvi humwendea kabla ya kutia nyavu mpya. Nikamwambia baba amesema pale pana mwenyewe. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia, "Nwanangu, kila kitu cha bahari kina ntu wake. Baba yako ana adabu. Kama pana nwenyewe, basi huombwa." Tukatoka naye asubuhi, na ubani, maji ya waridi na kisahani cha halua. Mathayo ni Mkristo, lakini alivua kofia. Bi Saumu alifukiza, akanyunyiza, akasema maneno yake, akainama kutazama maji. Kisha akageuka akasema tumeruhusiwa, mwenyewe hana kinyongo, tufungue tu.

Umeona? Jambo limekwisha kwa heshima, na wewe ndiye uliyetuonyesha njia.

Tulishuka siku ileile. Baba, natamani ningekuwa na maneno. Ndani ya mashua, nyuma ya injini iliyooza, anaishi chewa. Kichwa chake ni kama karai la saruji. Alikuja taratibu mpaka tukatazamana kupitia miwani, na vijisamaki viwili vinaingia na kutoka mdomoni mwake vinamsafisha meno, yeye kaachama tu kama mtu kwa kinyozi. Nilijihisi mdogo, na nikafurahi kuwa mdogo. Mahali palipokusudiwa kuua, sasa kila kitu kinaishi.

Alhamisi hii, tarehe 19, tunashuka na mtaimbo. Nimeomba mimi ndiye nikigonge kile kisanduku, maana mimi ndiye niliyeiona mashua kwanza, na wamenikubalia.

Mwanao mtiifu (safari hii),
Rehana


Nanyamba, Jumatano 18 Septemba 2024, saa tisa alasiri

Rehana,

Usishuke. Usikiguse kisanduku. Usimruhusu mtu yeyote akiguse. Soma mstari huu kwanza, wasomee na wenzako, kisha kaa peke yako usome yaliyobaki.

Sharifa amefika sasa hivi. Nasra amepiga simu yako mara tisa, anasema haipatikani. Namtuma Josephu wa bodaboda na barua hii mkononi.

Ndani ya kisanduku mna chupa kumi na moja za baruti na viwashio vyake, vimefungwa kwa nta ndani ya ndoo. Najua kwa sababu nilivifunga mimi. Mashua ni yangu na mvuvi mwenzangu, marehemu Mussa. Tuliipaka rangi ya kijani wenyewe pale Mikindani.

Hapana jini. Nimekudanganya nikitumaini utaogopa, na wewe kwa adabu yako ukaenda kuomba ruhusa, ukapewa. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikajikuta nimekaa juu ya korosho. Uongo wangu ndio umekutia mtaimbo mkononi.

Mimi sikuwahi kuugua matubwitubwi yale tuliyokuambia yaliniziba masikio, mwanangu. Masikio yangu yaliondoka mwaka 2003, nawe una miaka mitatu. Mussa aliwasha, mimi nikachelewa kurusha, ikapasukia ubavuni mwa mashua. Sikusikia mlio. Nakumbuka weupe tu, na mkono wa Mussa umenishika nywele ananivuta kwenda kwenye fungu la mchanga. Toka siku hiyo sijasikia kitu, wala sauti yako ya kusema maneno makubwa sikuijua. Mama yako, Halima, alijua yote. Aliniapisha niache bahari, tukahamia huku kwenye shamba la wazazi wake, akaenda na siri kaburini.

Miaka minane nilifanya kazi ile. Mtu unayewasimulia watoto wa shule ni mimi. Kila ulipokuja likizo ukanionyesha picha za mwamba uliopasuliwa, nilitikisa kichwa pamoja nawe, na moyoni nikawa natafuta pa kujificha.

Josephu anasema pikipiki yake haibebi wawili kwenye mchanga wa Msimbati. Angebeba. Ni mimi niliyeshindwa kuja kukutazama usoni.

Nichukie, lakini uwe hai unichukie.

Suleimani


Msimbati, 21 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Barua imefika. Josephu alinasa mchangani akalala msikitini Madimba, akatufikia Alhamisi asubuhi tumeshang'oa nanga. Aliingia baharini na suruali yake, kaishika bahasha juu ya kichwa, anapiga kelele jina langu. Nilikuwa nimeshavaa mtungi.

Sikushuka. Hakuna aliyeshuka. Wanajeshi wa mabomu wamearifiwa.

Wenzangu wameniuliza nimejuaje. Nimewaambia habari imetoka kwa mtu mmoja wa bara asiyetaka jina lake litajwe. Mathayo amesema mtu huyo Mungu amlipe mema. Nimeshindwa kula.

Tafadhali usiniandikie kwa sasa.

Rehana


Nanyamba, 6 Oktoba 2024

Hii si barua. Umenikataza barua nami nimetii. Hii ni ramani.

Nimeichora nyuma ya kalenda ya msikiti kwa sababu ndiyo karatasi kubwa niliyonayo. Ni miamba saba tuliyoipiga, na majina tuliyoiita sisi wenyewe, na alama za nchi kavu tulizotumia kuipata: minara, minazi, ncha ya Msimbati, mdomo wa Ruvuma. Minazi mingine haitakuwepo tena. Mwamba wa kwanza, Fungu la Chaza, tuliupiga miaka minne mfululizo. Wa saba ni huu wa mashua, nao tuliupiga mara mbili tu kabla haujatupiga sisi.

Wenzako wanapima mwamba bila kujua nani aliuumiza, lini na kwa kiasi gani. Mimi najua. Labda itakufaa.

S. N.


Msimbati, 27 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Wanajeshi walikuja wanne, wawili wakazama. Ilichukua saa nne kuzitoa zile chupa, moja moja, wakaenda kuziteketeza mbali na watu. Mkubwa wao alituonyesha viwashio vitatu vilivyokuwa vikavu ndani ya nta yako kana kwamba vimefungwa jana. Akasema mtu angepiga mtaimbo pale, tungekusanya vipande kwa kijiko.

Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, sitakuficha. Kilichoniuma zaidi si baruti. Ni kwamba niliimba wimbo wa kukusifu miaka yote na wewe ukaniacha niimbe. Niliisoma tena ile barua yako ya jini. Sikuwa nimekuambia rangi ya mashua, na kijani hakikunishtua! Nilikuamini mpaka nikawa kipofu.

Ramani ilipofika nilitaka kuichana. Usiku ule nikaikunjua tena. Kesho yake nikamwambia Mathayo mtu wa bara ametuma nyingine, tukaanza kuifuata. Tumeimaliza yote saba jana.

Fungu la Chaza ni makaburi. Vifusi vitupu, kama vyombo vilivyovunjika kwenye jiko la harusi, mita mia kwenda mita mia. Miaka ishirini na zaidi na hakuna kilichoota, kwa kuwa vipande havitulii. Kila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, linavigeuza, na tumbawe changa haliwezi kushika kitu kinachogeuka. Nilikaa juu yake mpaka hewa yangu ikafika nusu. Nililia ndani ya miwani, na machozi ya ndani ya miwani hayafutiki. Wa pili ni hivyohivyo, na wa tano.

Lakini wa tatu, Baba. Na wa nne, na wa sita. Nilishuka nikitegemea kaburi jingine nikakuta matumbawe mapana kama vitanda, yamepandana kitanda juu ya kitanda, na chini yake giza limejaa macho. Kundi la kolekole lilitupita likachukua dakika nzima kwisha. Pono wanatafuna mwamba na sauti inasikika, kru, kru, kila upande, kama nyumba yenye watu wengi wanaokula mahindi. Mwenzangu Maria alinishika mkono tukabaki tumeelea, kila mmoja anaogopa kusogea.

Na kwenye mashua yako kuna kichwa kimoja cha tumbawe kimeota pale tundu lilipo. La aina ile hunenepa kama sentimita moja kwa mwaka. Nililipima. Nikalipima tena kwa sababu sikuamini. Sentimita ishirini na moja. Nilihesabu kwa vidole kule chini, mimi mwenye shahada. Lilianza kuota mwaka uleule ulioacha, Baba. Wewe unahamia kwenye mikorosho, lenyewe linashika ubao. Hakuna aliyelisaidia. Mliondoka tu, likaanza.

Sijui niite nini ninachokihisi. Ni hofu, ila ni hofu nzuri, kama ya kusimama mbele ya mtu mkubwa kuliko wewe ambaye hajakukasirikia.

Uje uone. Korosho ziachie Nasra wiki moja. Maji yakikupwa mashua inaonekana kutoka juu, huna haja ya mtungi, miwani tu na mimi nakushika. Wenzangu bado hawajui kuwa ni wewe. Watajua umekuja kumtembelea mwanao. Zaidi ya hapo sijui nitawaambia nini, na sitakuahidi.

Rehana


Nanyamba, 12 Novemba 2024

Mwanangu Rehana,

Assalaam aleikum. Nimefika salama. Nasra ameniuliza nimeona nini nikamjibu nitamwandikia. Nakuandikia wewe kwanza.

Yule Mathayo alinifunga boya la kifuani kwa mikono yake, akakaza kamba, akanipigapiga bega kama mzee wake. Nilitaka kumwambia aache. Nikawaza: mikono hii ingejua inamfunga nani, ingefungua.

Kisha ukanivalisha miwani, nikainamisha uso majini.

Rehana, nilivua bahari ile miaka minane. Samaki niliowatoa hawana hesabu. Na sikuwahi kumwona hata mmoja akiwa hai nyumbani kwake. Sisi tuliwaona wanapanda juu, tumbo jeupe, mgongo umevunjika, tukawaokota, na wengi zaidi walizama tusiwaone. Nilidhani huko chini ni giza na mawe. Wallahi nilidhani ni mawe!

Sasa nikaona mji. Nikaona mashua yangu, nikaitambua kwa mkuku, uti wa mgongo wake, ulioinama, imevaa nguo ambazo hakuna bibi harusi wa Mikindani aliyewahi kuvaa. Wale wa rangi ya chungwa wakatoka wote, wakaingia wote. Chewa wako akapita chini yangu, mrefu kuliko mimi, hana haraka, akageuza jicho akanitazama. Hakuna kiumbe kilichowahi kunitazama hivyo. Nilisema shahada. Ulinionyesha kwa kidole lile tumbawe la tunduni, nikafumba macho, nikafumbua, likawa bado lipo. Mungu hakungoja nitubu ndipo aanze kutengeneza. Alianza siku ileile, kwenye jeraha lenyewe, na mimi nikapita miaka ishirini na moja nikidhani nimeacha kifo pale.

Nilikubana mkono sana. Nisamehe kama uliumia.

Sasa nina swali, nalo ndilo lililonifanya nisilale. Tulipopanda chomboni, nilikaa kwenye ubao wa mbele, ukanifunika taulo. Ukawageukia wenzako, mgongo ukanipa mimi, ukasema nao. Sikuweza kuona midomo yako. Nikaona nyuso zao tu. Yule binti Maria aliweka mkono mdomoni. Wote wakanigeukia wakanitazama, na Mathayo akasimama. Alisimama muda mrefu, na mimi nikatazama maji nikaona afadhali nirudi humo. Kisha akainama kwenye chupa ya chai, akamimina kikombe, akaniletea mwenyewe. Nilikuwa bado nina baridi, nikakishika kwa mikono miwili. Hakutabasamu. Alikaa karibu nami mpaka pwani, hakuondoka.

Sikuthubutu kukuuliza pale. Uliwaambia nini?

Baba yako,
Suleimani Nassoro


Msimbati, 16 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Niliwaambia: "Yule mtu wa bara ni huyu. Mashua ni yake, baruti zilikuwa zake, na ramani ameichora yeye. Ni baba yangu."

Mathayo aliposimama niliogopa. Kisha akasema, "Sasa nyie nnamwacha na baridi hivyo? Ntu nzima anatetemeka. Nipeni chai."

Mwanao,
Rehana Suleimani